Ufunguo Uliobaki Mombo

Siku ya gulio pale Soni gari la Beatha lilikataa kuwaka mbele ya lori la kabichi, na ghafla kila mwanamume aliyekuwa karibu akageuka fundi.

"Betri hiyo!"

"Umeangalia mafuta, dada?"

"Haya magari ya kubonyeza ni matatizo matupu."

Beatha alikuwa amelizima mwenyewe ili anunue nyuzi dukani, na sasa alikuwa anabonyeza kitufe bila kujibiwa. Alivaa gauni la kitenge cha bluu alilolishona mwenyewe, sweta zito juu yake, na kofia ya sufi iliyovutwa hadi masikioni, maana ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye meza za karoti. Lori lilipiga honi. Mwanamke mwingine angetokwa jasho, lakini yeye alikaa kama mtu anayesubiri zamu yake ya kusaga mashineni.

Mwanamume mwenye shati jeupe na jaketi la ngozi lililochakaa viwiko akainama dirishani. Huyo alikuwa Heri, fundi wa funguo za magari kutoka Mombo, aliyekuwa amepanda mlimani kununua mboga.

"Habari, dada. Ufunguo uko wapi?"

"Hili halina ufunguo. Linabonyezwa."

"Linao. Kile kidude cheusi cha kukaa mfukoni. Kisipokuwa karibu, gari halikujui."

Beatha akajipapasa. Hakuna kitu.

"Ulipoondoka huko ulikotoka, gari lilipiga kelele?"

"Lilipiga."

"Ukafanyaje?"

"Nikaliacha lipige."

Heri alicheka mpaka akashika paa la gari. "Basi umeuacha huko nyuma. Gari hili likishawaka linakwenda tu, hata ufunguo ukibaki. Linakuonya, halikuzuii. Ila ukilizima, ndiyo basi tena."

Walirudi kwa miguu hadi kwa Mwanamisi, muuza plamu, ambako Beatha alikuwa amesimama kununua matunda, na ambaye alikuwa ameufunga ule ufunguo kwenye pindo la khanga yake.

"Nilidhani rimoti ya televisheni," Mwanamisi akasema. "Nikajua utarudi tu saa ya taarifa ya habari ikikaribia."

Heri alicheka tena. Beatha alitabasamu kwa adabu, na Heri, ambaye alikuwa na macho, aliona kwamba tabasamu lile halikuwa na mtu ndani.

Niseme wazi kilichokuwa kimempata. Gari lile lilinunuliwa kwa ajili ya mama yake, Marta, ili apelekwe hospitali Moshi akiwa amekaa vizuri. Safari zilikuwa chache. Mama alipofariki, Beatha hakulia mazikoni, na watu wa Gare, kijijini kwao, wakamsifu kwa ujasiri. Ujasiri gani! Alikuwa amekufa ganzi, na ganzi ile haikumtoka. Alirudi mjini Lushoto kwenye cherehani yake akaendelea kushona sare za kwaya, akila, akilala, akiamka. Mto wa mama, ule aliokuwa akiegemea safarini, ulibaki kiti cha nyuma, na hakuna aliyethubutu kuugusa.

Heri aliugusa. Siku ya kwanza alipopewa lifti aliuliza ni wa nani, akaambiwa. Hakutoa pole ndefu. Aliusimamisha vizuri kitini, akaufunga mkanda.

"Barabara hii ina kona nyingi," alisema, kisha akakaa mbele.

Mapenzi yao yalianza hapo, ingawa ni mmoja tu aliyejua. Simu zikawa za kila siku, saa ya chakula cha mchana.

"Umekula, mrembo wangu?"

"Nimekula."

"Nini?"

"Sijui. Ugali, nadhani."

"Beatha, sijawahi kuona mtu anakula bila yeye mwenyewe kuwepo."

"Na mimi sijawahi kuona mwanamume anayeuliza mboga kabla ya salamu."

Kwa utani wa namna hiyo Heri angeweza kuishi wiki nzima. Alimtengenezea ufunguo wa akiba kwenye kibanda chake kando ya barabara kuu ya Mombo, na alipomkabidhi, Beatha akaurudisha kiganjani mwake. "Kaa nao wewe. Mimi nitaupoteza." Heri alibaki na maneno yale moyoni kana kwamba ameapiwa kanisani.

Ndipo alipojipa moyo. Alipanda hadi dukani kwa Beatha, Lushoto, akakaa kwenye stuli katikati ya majoho ya zambarau.

"Nataka nimtume mshenga Gare kwa Mzee Nikodemo, baba yako. Unasemaje?"

Beatha alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa taratibu.

"We fanya unavyoona."

Heri akasema sawa. Akamaliza chai yake, akaaga. Mshenga hakutumwa. Alikuwa anangoja neno jingine, na neno lile halikuja.

Kisha ufunguo wa Beatha ukatumbukia chooni, na choo chenyewe cha shimo. Alimpigia Heri; hapatikani. Heri alikuwa kwa kaka yake huko vijijini Handeni, ambako simu inashika ukipanda juu ya kichuguu. Sare za kwaya zilikuwa zinasubiriwa kwa ajili ya Jumapili. Akaitwa fundi mwingine kutoka Tanga, akaja na mashine yake, akachomeka waya chini ya usukani.

"Dada, kuna ufunguo mwingine mahali? Maana nikitengeneza huu mpya bila ule kuwepo, wa zamani unafutwa. Niendelee?"

"We fanya unavyoona," akasema Beatha, huku akikunja majoho.

Jumapili Heri alirudi. Alivaa suti ya kijivu, akapanda moja kwa moja hadi nje ya kanisa, akiwa na doti ya kitenge ndani ya karatasi inayong'aa. Alitaka aiweke kwenye kiti cha mbele, Beatha aikute akitoka misani. Akashika kitasa. Gari halikupepesa taa. Akabonyeza ufunguo; kimya. Akabadilisha betri ya ufunguo, maana fundi hakosi betri, kimya vilevile.

Mtu mwingine angedhani gari limeharibika. Heri alijua kazi yake. Alijua fundi hafuti ufunguo kabla mwenye gari hajaulizwa. Alisimama pale wimbo wa kutoka ukiimbwa, akajiona mjinga, akateremka Mombo na kitenge chake.

Simu ya mchana haikuja. Beatha akapiga mwenyewe.

"Mbona kimya?"

"Nina kazi."

"Umerudi lini?"

"Nimeshajibiwa, Beatha. Haina shida." Akakata.

Beatha aliendelea kushona. Ilipofika saa ya chakula aliitazama simu. Kesho yake akaitazama tena. Kesho kutwa akagundua ameshona mikono miwili ya kulia kwenye joho moja, akaliweka chini, akaenda kukaa garini bila kujua kwa nini. Kwenye kioo aliuona mto wa mama, mkanda wake umefungwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa amefikiria kuufunga. Akasikia kitu kinamchoma kifuani, kikali, kama mguu uliolala ukianza kuamka. Alimtaka Heri. Ilimuuma kumtaka. Akawasha gari.

Mombo joto lilimpokea. Heri alikuwa kibandani, shati jeupe kama kawaida, na hakunyanyua kichwa.

"Nimekukosea nini?" Beatha akauliza.

Heri akauweka ule ufunguo mezani. "Umeufuta."

"Mimi sijafuta kitu. Ni fundi."

"Fundi huuliza. Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

Beatha alilikumbuka jibu lake, na akakumbuka pia nani mwingine aliyejibiwa hivyo hivyo.

"Nilipokuuliza habari ya mshenga, hata kukasirika hukukasirika," Heri akasema kwa sauti ya chini. "Ungesema hapana ningelala. Siwezi kwenda kwa mzazi wa mtu kwa kubahatisha."

Heri, kwa kuwa kazi ni kazi, alichukua mashine yake na ule ufunguo mpya wa Beatha, akatoka, akausajili upya ule ufunguo uliokufa. Akaujaribu, gari likawaka, akaliacha linaunguruma. Akasimama kwenye jua kali, funguo zote mbili mkononi.

"Haya. Zote zinafanya kazi. Chukua."

Beatha akaingia garini, akafunga mlango, akaondoka.

"Beatha! Funguo!"

Gari lilipiga kelele, kisha likanyamaza, taa ya onyo ikabaki inawaka mbele yake. Alipandisha kona za Soni moyo ukimdunda, jambo ambalo halikuwa limemtokea kwa muda mrefu. Likizimika mlimani amekwisha. Pale Soni ng'ombe walivuka barabara na akawangoja akinong'ona, "Usizime, baba, usizime." Akapinda njia ya Gare. Kwenye uwanja wa nyumba ya baba yake akalizima kwa kidole chake mwenyewe, kisha akapiga simu.

"Uko wapi?" Heri alikuwa anahema. "Ninazo zote mbili!"

"Gare. Kwa baba. Gari limeziba njia na haliwaki."

"Umesahau tena?"

"Sijasahau. Nimeziacha makusudi."

Akahamishia simu sikio la pili.

"Heri, njoo nazo. Njoo na mshenga. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi. Nakutaka."

"Rudia, mpenzi, mtandao..."

"Umesikia!"

Alikuwa analia, na hakujizuia. Akaufungua mkanda wa kiti cha nyuma, akautoa mto wa mama, akaukumbatia. Mzee Nikodemo alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, akimtazama binti yake kana kwamba amerudi kutoka safari ndefu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari limeharibika? Niite watu tulisukume?"

"Hapana, baba," Beatha akasema akipangusa macho. "Liache hapo hapo. Mwenye funguo anakuja."