Zamu ya Kandambili ya Kijani

Mtaani kwetu walimwita Bi Mkasi, kwa sababu mbili. Alikuwa fundi cherehani, na ulimi wake ulikata. Asubuhi ile aliamka vizuri tu, akapika uji, akautia kwenye chupa ya chai, akampelekea mdogo wake wodini. Mdogo wake alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji alikuwa tayari kumpasua wakati wowote, ila hakuwa tayari kushika kisu kabla majibu ya picha hayajatoka.

Picha yenyewe ilikwisha kupigwa zamani. Mama mmoja mpole wa kwenye mashine alimnong'oneza Bi Mkasi siku ileile: "Usihofu, dada. Kauvimbe kadogo tu, katatolewa." Kilichobaki ni mtu mmoja mwenye cheo aitazame picha na kuandika alichokiona. Lakini mtu huyo hakuna aliyepata kumwona. Pengine naye alikuwa foleni mahali fulani, akisubiri akili.

Dirisha la majibu lilikuwa mwisho wa ukumbi, na juu yake palibandikwa maandishi makubwa: MVUMILIVU HULA MBIVU. Bi Mkasi aliyasoma kila siku akasonya. Mbivu zote alizila mhudumu wa dirishani, bwana mmoja mnene mwenye kazi tatu: kufungua dirisha kwa kuchelewa, kulifunga mapema, na katikati ya hapo kutamka neno moja.

"Bado."

"Bado nini, baba? Hayajasomwa, au hayajatafutwa?"

"Bado. Anayefuata."

Viti havikuwapo. Kwa hiyo watu walijitungia utaratibu wao: kila mmoja alivua kiatu cha kushoto, akakiacha kwenye foleni kimshikie nafasi, akaenda kukaa chini ukutani, mguu mmoja peku. Foleni ikisogea, aliye karibu alivisukuma viatu vyote mbele. Bi Mkasi aliwaona mazuzu watupu. Yeye alisimama kwa miguu yake miwili.

"Watu wazima mmeridhika kuwakilishwa na viatu," alimwambia mzee wa magongo aliyeketi karibu naye. "Ndiyo maana wanawafanya wanavyotaka."

Mbele yake, kama kila siku, palikuwa na kandambili ya kijani, mkanda wake umeshonwa kwa uzi mwekundu. Mwenyewe hakupata kuonekana. Na kila kandambili hiyo ilipofika dirishani, mhudumu aliinuka kwenda kunywa chai, dirisha likafungwa.

"Hii ya nani?"

Mzee akashusha sauti. "Ya mama mmoja. Alifia hapahapa ukutani, akingoja majibu. Hatuitoi, mama. Tunaisogeza tu. Zamu ni yake."

"Marehemu ana zamu ya nini? Azikwe mara ya pili?"

Hakuna aliyecheka. Bi Mkasi akaikwapua kwa ncha za vidole, akaitupa kwenye pipa la taka. Aliyekuwa akikohoa akaacha kukohoa. Bi Mkasi akapiga hatua mbele, akasimama pale ilipokuwa. Baridi ikampanda kutoka kwenye soli hadi magotini.

Safari hii dirisha halikufungwa. Mhudumu aliinua macho. Hakumtazama yeye. Alitazama nyuma ya bega lake, kisha akasukuma bahasha haraka, kama mtu anayetaka kumaliza.

"Yametoka."

Juu ya bahasha palikuwa na jina la mdogo wake. Bi Mkasi nusura apige kigelegele. Kumbe ndivyo mambo yanavyokwenda: mwenye ubavu hupata, wanyonge husogeza viatu. Akawapita wale wa ukutani bila hata kuwaaga.

Kwenye korido alisikia kitu nyuma yake. Pa. Kimya. Pa. Kimya.

Kandambili moja, ikitembea.

Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Daktari wa upasuaji aliinua picha kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu.

"Mama, hii imeenea. Ini lote limekwisha."

"Si waliniambia kadogo?"

"Nilimpapasa mimi mwenyewe. Sikugusa kitu kama hiki." Akasoma jina, akalirudia. "Lakini ni yeye." Halafu akavua miwani na kuanza kuifuta. Hao ndio wasomi wetu: jambo likiwazidi, wanafuta miwani.

Bi Mkasi alikimbia wodini. Mdogo wake alikuwa amekaa kitandani, uji haukuguswa. Asubuhi alimwacha na mashavu yake. Sasa palikuwa na mifupa, na macho ya njano.

"Dada," alinong'ona. "Yule mama ni nani?"

"Mama yupi?"

"Aliyesimama mlangoni. Mguu mmoja peku. Anasema nikupe asante."

"Asante ya nini?"

"Majibu yake yametoka. Kauvimbe kadogo tu, katatolewa."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Sakafuni palikuwa na nyayo za vumbi, za mguu wa kushoto tu. Zilikuwa zinatoka nje.

Mdogo mtu hakuimaliza wiki. Nesi alimkabidhi Bi Mkasi vitu vya marehemu: gauni, chupa ya chai, na raba ya bluu. Moja, ya kulia.

"Ya kushoto iko wapi?"

"Ndivyo tulivyokuta, mama."

Bi Mkasi alijua pa kuitafuta. Baada ya mazishi alirudi ukumbini, akaikuta kwenye foleni, katikati ya viatu vya watu. Akapiga magoti, akaingiza mkono ndani. Ilikuwa na joto, kana kwamba imevuliwa sasa hivi. Akalia pale sakafuni, mbele ya wale aliowaita mazuzu, na hakuna aliyemcheka. Mzee wa magongo alimsogelea, akaisukuma raba mbele kwa gongo lake, taratibu, kwa adabu.

Kuichukua aliogopa. Kuiacha hakuweza. Akawa anakuja kila siku, amevua kiatu chake cha kushoto, anamsogezea mdogo wake nafasi. Na kila raba ilipofika mbele, mhudumu aliinuka kwenda kunywa chai.

Siku moja akaingia bwana mwenye viatu vinavyong'aa. Alikuwa mzima wa afya. Alipimwa kwa ajili ya ajira tu, na alilisema hilo kwa sauti ili ukumbi wote ujue. Akaangalia viatu, akaangalia watu ukutani, akaguna.

"Kondoo," alisema. Kisha akaigusa raba ya bluu kwa ncha ya kiatu. "Hiki cha nani?"

Ukuta mzima ukamgeukia Bi Mkasi. Mzee wa magongo akatikisa kichwa, polepole, akimsihi.

Bi Mkasi alimtazama yule bwana usoni. Dharau ile aliifahamu. Ilikuwa yake.

"Sijui, baba," alisema. "Itakuwa takataka tu."

Akasogea kumpisha, na raba ikaangukia kwenye pipa la taka.

Asubuhi iliyofuata alifungua mlango aende kazini. Raba ya kulia alikuwa ameifungia sandukuni, na ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Lakini kizingitini zilipangwa mbili, kushoto na kulia, kamba zimefungwa vile mdogo wake alivyozoea kuzifunga. Zilikuwa bado na joto. Nazo zilielekea ndani.