Mfungo wa Daniella

Kila Jumamosi asubuhi, mjini Likasi, Mama Christiane aliwasha makaa na kupika uji wa Carine, mtoto wake mdogo wa miaka kumi na mmoja. Yeye na Daniella, binti yake mkubwa, hawakuugusa. Siku ya mechi walifunga kula na kusali.

Mama Christiane alikuwa mjane. Daniella, wa miaka kumi na saba, alicheza handball, mpira wa mikono. Kocha Willy aliwafanyisha wachezaji mazoezi alfajiri, kisha tena baada ya masomo, siku sita kwa juma. Mama na binti waliweka nadhiri: Ijumaa na Jumamosi hawatakula mpaka jioni, ili timu ifike fainali kule Lubumbashi.

“Mama, muguu inauma tena. Hapa, kwa mufupa.”

“Tangu lini?”

“Miezi mbili sasa. Kocha anasema ni uvivu.”

Mama akaupaka mafuta yaliyobarikiwa.

Kulikuwa na jambo jingine. Kwa miezi mitatu mama hakuona vitambaa vya hedhi vya Daniella kwenye kamba. Akafikiri: mtoto ana mimba. Aliona haya kuuliza. Akaongeza Jumatano kwenye mfungo. Daniella akakubali. Shuleni akawa anasinzia juu ya daftari, na Exetat, mtihani wa mwisho, ulikuwa karibu.

Jumamosi moja Daniella aliruka kupiga goli. Hakuna aliyemgusa. Aliposhuka, mguu ulivunjika. Watu wa pembeni walisikia mlio.

Hospitalini walimkuta jirani yao Emérance, muuguzi.

“Mama Daniella, mutoto anakula nini?”

“Bukari ya unga ya mahindi, mangaribi. Mchana tunafunga.”

“Na mwezi yake, anaona?”

Mama akainamisha kichwa. “Hapana. Nilizania...”

“Mimba? Tumepima. Hakuna mimba. Ni njala.” Emérance akamshika mkono. “Sikia. Mwili inakimbia mara mbili kwa siku, na chakula haiingie. Inaanza kukata. Inakata mwezi, kisha inakata nguvu ya mufupa. Mufupa inapasuka kidogo kidogo. Ile maumivu ndiyo ilikuwa inakuita. Mutoto wa mazoezi anapashwa kula mbele na nyuma ya mazoezi: bukari, kunde, samaki ndogo ya ndakala, karanga. Alale masaa nane. Apumzike siku mbili kwa juma. Mufupa ikiuma, asimamishe mazoezi, aletwe huku.”

“Na nadhiri yetu kwa Mungu?”

“Funga weye, uko mukubwa. Mutoto angali anakomea, mwili yake ingali inakua.”

Mama akaingia chumbani. “Daniella, nilikuwazia vibaya. Unisamehe.”

“Nilijua, Mama. Nilikuona unaangalia kamba.”

Timu ilikwenda Lubumbashi bila yeye. Kocha Willy hakuja hata kumsalimia. Daniella alisoma kitandani, akala, akalala, na hedhi ikarudi. Alifanya Exetat mguu ukiwa juu ya kigoda, akafaulu. Lakini mguu haukunyooka vizuri. Hataruka tena.

Mwaka uliofuata Carine akaomba kucheza. Mama akaenda uwanjani.

“Siku ine kwa juma, Kocha. Alfajiri analala. Akiumwa anatoka.”

“Eh, Mama! Na vile tutashinda?”

“Mwenye alikushindishia yuko nyumbani, anachechemea. Kamuulize.”

Willy akatazama chini. Akakubali.

Sasa Jumamosi kuna bukari na kunde kabla ya mechi. Daniella huja akichechemea na kuweka sahani mbele ya mdogo wake. Mama Christiane bado anafunga, peke yake. Lakini haanzi kusali mpaka aone sahani ya Carine ni tupu.