Maua ya Nta ya Bibi Icey

Wengine watakusimulia ya mjomba au ya jirani. Mimi nilikuwa ndani ya mashua. Niliyaona kwa macho haya mawili, mwanzo hadi mwisho. Shule niliiacha darasa la nane, lakini kwa habari za samaki hakuna profesa Tenesii nzima anayeniweza. Nikionja maji ya ziwa nakutajia kina chake.

Yalianzia mezani kwa dada yangu Wilma, mwezi wa tatu. Mimi na mumewe, Odell Tackett, tulikuwa tunapanga safari ya kuvua besi, yule samaki wa mdomo mpana, kwenye ziwa ambalo hatujawahi kulikanyaga. Majira yale besi anataga. Hatafuti maji mengi. Anatafuta kina kifupi penye changarawe ngumu. Sasa kwenye ziwa geni, changarawe utaijuaje iliko? Kwa ramani ya zamani, ya kabla bonde halijafunikwa na maji ya bwawa.

"Ramani unayo, Hoyt, au una mdomo tu?" Odell akaniuliza.

"Shemeji, mimi nikikosa ramani ujue na jua limekosa njia."

Wilma akatua mkate wa ndizi mezani. "Huu mtakula huko."

Odell akausukuma kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesukuma nyoka. "Mke wangu, nakupenda, lakini ndizi ni mkosi kwa mvuvi, haipandi mashua yangu. Unataka nizame?"

"Zama, lakini Jumapili uwe hapa. Mjukuu wako anabatizwa, na wewe ndiye wa kumshika."

"Nitamshika. Nimeshaanza mazoezi." Akaukunja mkono wa kushoto, akabembeleza hewa. Tukacheka.

Ramani nilipewa na jirani yangu Bibi Icey Maples, miaka tisini na mmoja, mzaliwa wa bonde lile. Aliweka kidole nyuma ya alama ya kanisa. Makaburi yote ya pale yalihamishwa kabla maji hayajaja, isipokuwa moja.

"Mdogo wangu, Oma. Alikuwa na miezi saba. Baba alikuwa kambini anakata miti, mama hajui kuandika, hakuna aliyetia saini ahamishwe. Wakamwacha."

Kila mwaka, siku ya kupamba makaburi, alikuwa akipelekwa kwa mashua kumtupia maua. Waliokuwa wakimpeleka wamekwisha kufa. Akanipa shada dogo la maua ya karatasi, yamechovywa kwenye nta yasilowe, limefungiwa kijiwe ili lizame.

"Mtupie kabla hamjatia ndoano, mwanangu. Mimi sitafika tena."

Nikaapa. Lakini kichwani nilikuwa na hesabu nyingine. Zamani makaburi ya kwetu yalirundikiwa changarawe nyeupe na magamba ya kome. Changarawe ngumu, kina kifupi. Nilipofika nyumbani nikapaweka alama nyekundu.

Jumamosi asubuhi tulikuwa ziwani. Miti ya ufukweni ilikuwa imechanua maua meupe, maji maangavu kama gilasi. Na pale pale nilipoweka alama, tuta. Jeupe. Urefu wake kama kitanda cha mtoto. Juu yake besi jike, mnene kama kichanga, anapepea mkia taratibu.

"Odell," nikanong'ona, "maua kwanza. Niliahidi."

"Maua ya nini, unaposa?" Akacheka bila kunitazama. "Ukitupa jiwe hapo samaki anakimbia."

Nikamwambia tena. Akarusha ndoano.

Nimevua miaka arobaini. Besi wa namna ile huruka, hujipindua, hukata uzi. Huyu hakupigana. Alikuja tu, kama anayebebwa. Odell akamtia kwenye tangi la samaki lililo ndani ya mashua, akafunika. Tukapeana mikono.

Kisha kifuniko kikagongwa. Kutoka ndani. Mara tatu, polepole.

Mkia wa samaki naujua mlio wake. Ule haukuwa mkia.

Odell akafunua. Akatazama. Akatazama mno.

"Hoyt," akanong'ona. "Ana baridi."

"Nani?"

Akaingiza mikono yote miwili, akainua. Sikuona kitu mikononi mwake. Lakini maji yalikuwa yanadondoka juu ya viatu vyake, matone makubwa, kutoka pale pasipo na kitu. Akaukunja mkono wa kushoto. Vile vile kama mezani kwa Wilma. Akatoka nje ya mashua.

Maji yalimfika kifuani. Akatembea. Akafika kwenye tuta. Akainama.

Hakuinuka.

Niliruka. Nilimvuta hadi nikahisi bega linachomoka. Nilipomfikisha ufukweni alikuwa ameshakufa, na mkono wake bado umekunjwa. Daktari alisema ni moyo, na baridi ya maji. Tangi nililikuta tupu. Jumapili ile hakuna mtoto aliyebatizwa.

Nilikwenda kwa Bibi Icey.

"Ulimtupia?"

"Nilimtupia, bibi."

Akautazama mfuko wa koti langu. "Basi mbona Oma amekuja kuyaulizia maua yake?"

Hakusema nami tena. Alizikwa kabla majani hayajaanguka.

Mashua iko bandani kwangu, juu ya magogo, mwaka wa sita sasa haijagusa maji. Kila miti inapochanua maua meupe, nafungua tangi nakuta maji, na konzi moja ya changarawe nyeupe. Mwaka huu palikuwa na gamba la kome pia.

Yote haya niliyaona, na niko tayari kuapa. Moja tu nimelitunga: yale maneno ya maua mashuani. Odell hakusema "unaposa". Sikumwambia lolote. Shada lilikuwa mfukoni mwangu, na mimi ndiye niliyeogopa samaki asije akakimbia. Mtu anayekimbia mkate wa ndizi angekataa maua ya kaburi?

Lakini hivyo ndivyo nilivyomweleza dada yangu siku ya msiba, na tangu siku ile Wilma kila usiku anapiga magoti, anamwombea mumewe asamehewe kicheko ambacho hakukicheka.