Mkono Kwenye Picha

Asubuhi, kama kawaida, Papa Médard alifungua karakana yake hapa Bunia. Kabla hajawasha mashine ya kuchonga chuma, simu ikalia. Alikuwa Mama Noëlla wa Mahagi, na hata salamu hakutoa.

"Papa Médard! Puli ulinitumia ni kubwa, haikae! Moulin yangu inalala wiki mbili. Batu banaenda kusaga kwa mwingine. Batoto yangu batakula nini?"

Médard aliiacha mashine yake. Puli ni gurudumu la chuma linalovutwa na mkanda, ndilo huzungusha moulin, mashine ya kusaga. Hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza kutoka ukurasa mpya wa simu. Wenye mashine huweka pale picha za vyuma vilivyovunjika, na mafundi huomba kazi ya kuvitengeneza. Kazi ikiisha, mteja huandika kama ameridhika. Mama wee! Jina lake lingechafuka Ituri nzima!

Alimwita jirani yake Rebecca, mwalimu wa mekanike, ufundi wa mashine, akamweleza.

"Ulipima na nini, papa?"

"Na mukono! Miaka yote batu bananiletea chuma yenyewe, ninaishika. Sasa picha tu ilikuja. Mukono iko pembeni ya puli. Nikalinganisha na yangu, nikachonga."

"Ile mukono ni ya nani?"

Médard akampigia Noëlla.

"Ya mutoto wangu Jemima. Iko na miaka nane."

Loo! Rebecca alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaona uso wa Médard, akamhurumia.

"Sikia, papa. Mikono ya batu haifanane, lakini milimetre ni moja kwa wote. Noëlla aweke rula juu ya puli ya zamani. Apime upana, unene na tundu, aandike, apige picha. Weye chora. Umutumie mchoro, aangalie. Akikubali, ndiyo ukate chuma. Na mchoro usiufute."

Wakafanya hivyo. Médard hakumtoza Noëlla hata kidogo, kwa sababu kosa lilikuwa lake. Puli mpya ikapanda pikipiki kwenda Mahagi.

Siku ya tatu, Augustin wa Iga Barrière aliandika kwenye ukurasa. Moulin yake ni ya aina ileile, na puli imepasuka. Médard alimtumia mchoro. Augustin akalinganisha vipimo, akakubali. Chuma kikakatwa siku hiyohiyo, bila Augustin kusafiri na puli mbovu.

Jioni ikaja kwenye ukurasa picha kutoka Mahagi: mkono mdogo umeshika tonge la bugali. Chini yake Noëlla aliandika, mbele ya watu wote:

"Moulin inasaga muzuri. Mukono ya Jemima sasa ni ya kula tu."