Mtungi Uliosukumwa kwa Mguu

Uliona, ukageuza uso. Usiniambie hukuona, macho unayo. Kila siku unaupita mlango wa jirani uliofungwa, ukijiambia kwamba hayo ni mambo ya wakubwa. Basi soma habari za Akiru wa Kiwanjani, msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye naye alijiambia hivyo.

Mtaani kwao maji ya mfereji hufunguliwa Alhamisi na Jumamosi. Alfajiri watu hupanga mitungi kwenye foleni, kisha hurudi nyumbani kuchemsha chai. Mtungi humshikia mwenyewe nafasi. Jumamosi hiyo Akiru alikuwa na haraka, kwa maana saa nne alitakiwa kanisani kufanya mazoezi ya mchezo wa Siku ya Hukumu. Yeye ndiye aliyekuwa Hakimu.

Mbele ya mtungi wake ulikuwapo wa Nyanya Qabale, bibi aliyeishi peke yake. Zamu ya bibi ikafika, mwenyewe hayupo.

"Sukuma hiyo," akasema Brian, mwanafunzi mwenzake, aliyekuwa nyuma yake. "Mwenyewe ameenda Merti kwa binti yake."

"Nani amekuambia?"

"Si hata Alhamisi hakuja kuuchukua? Ama tungoje mpaka parapanda ilie, Hakimu?"

Watu wakacheka. Akiru akausukuma ule mtungi kwa mguu, akakinga wake.

Nami nitasema wasichopenda kukumbushwa. Zamani, mwaka mmoja wa ukame, Qabale alikuwa na ngamia watatu wa maziwa. Aligawia mtaa mzima, kikombe kwa kikombe, Mturkana na Mborana, Mkristo na Mwislamu. Watoto waliokunywa wana ndevu leo. Ndio hao waliokuwa wakicheka kwenye foleni.

Kanisani, Mwalimu Jecinta aliwapanga watoto kulia na kushoto. Akiru akapanda juu ya kiti. Alipaswa kuwaambia wa kushoto, "Nilikauka koo mlangoni penu, nanyi mkanipita." Akafika "mlangoni penu," akaishia hapo, akiukumbuka ule mtungi.

"Umesahau maneno?" Mwalimu akauliza.

"Sijasahau, Mwalimu." Akashuka. "Mtu akisukuma mtungi wa mwenzake bila kuuliza yuko wapi, husimama upande gani?"

"Mtungi wa nani?"

"Wa Nyanya Qabale. Uko pale tangu Alhamisi."

Mwalimu Jecinta hakuhubiri. Alichukua mkoba wake. "Twende."

Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Walimkuta Qabale sakafuni, nyonga imevimba, midomo imepasuka. Alikuwa ameanguka Alhamisi aliporudi kutoka kupanga mtungi, akaita mpaka sauti ikamwisha. Akiru alikimbia kwao akaleta maji, akamnywesha kwa kijiko, polepole.

"Wewe ni wa Nakuam?" bibi akanong'ona.

"Ndiyo, nyanya, ni mama yangu. Nilisukuma mtungi wako. Nisamehe."

"Wengi walisukuma. Wewe umekuja. Ongeza maji, mwanangu, maneno baadaye."

Mwirigi, muuza nyasi, alimpeleka hospitalini kwa pikapu yake. Daktari alisema kwamba siku moja zaidi ingemmaliza. Alitibiwa, na baada ya wiki kadhaa akarudi nyumbani akitembelea mkongojo.

Lakini Jumapili ile, kesho ya siku waliyomkuta bibi, Mwalimu Jecinta aliwaambia watoto, "Ni mtihani gani mwingine ambao maswali yake hutolewa mapema? Mungu ametuambia atakayouliza. Mwenye kiu ulimpa maji? Mgonjwa ulimwendea? Anayejibu leo kwa mikono yake haogopi Siku ya Hukumu."

Tangu hapo, mtungi usio na mwenyewe hausukumwi pale mferejini. Hujazwa, na mtoto huupeleka mpaka mlangoni. Brian ndiye wa kwanza kuubeba, tena analalamika njia nzima.

Sasa wewe. Mtaani kwenu kuna mlango ambao hujauona ukifunguliwa tangu juzi. Unaujua. Funga kitabu hiki, inuka, nenda ukapige hodi sasa hivi.