Doa Jeupe la Boliti ya Nane

Kila Jumamosi asubuhi Jeki alifika gereji kabla shangazi yake hajamaliza kufunga vifungo vya ovaroli. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuosha boliti kwa mafuta ya taa na kuzichomeka kwenye kipande cha boksi, kila moja kwenye tundu lake, zisije zikachanganyika. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa na dereva wa zahanati, siku alipomwona amebeba ndoo mbili za maji bila kupumzika. "Huyu si mtoto, ni jeki ya kuinulia magari," alisema, na jina likamganda.

Siku hiyo gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa wazi boneti. Shangazi alikuwa amebadilisha gasketi inayoziba upenyo wa menifoldi, lile bomba lenye matawi manne linaloingiza hewa kwenye injini. Zilibaki boliti nane za kuifunga. Kwa mara ya kwanza, akamkabidhi Jeki spana ya kipimo, ile inayolia boliti ikikazwa vya kutosha.

"Anza za katikati, malizia za pembeni. Ikilia tik, acha. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimesikia, shangazi."

"Halafu weka doa."

Doa lilikuwa la rangi nyeupe, dogo kama punje ya mchele, juu ya kichwa cha boliti. Katika gereji ile, boliti yenye doa ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyeigusa tena, hata shangazi mwenyewe.

Shangazi akaitwa getini na mteja ambaye pikipiki yake imegoma. Jeki akabaki na spana. Tik, ikalia ya kwanza. Lakini mama yake aliuza maharage sokoni, na hakuna mteja aliyeondoka kwake bila nyongeza ya kiganja kimoja. Jeki alikua akijua kuwa nyongeza ndiyo wema wenyewe. Sasa gari la wagonjwa ndilo likose? Akavuta tena kidogo, akaweka doa. Ya pili, tik, na nyongeza yake. Akaenda hivyo hivyo hadi ya nane.

Ya nane, kwenye nyongeza, ikalia tak.

Spana ikalegea. Kichwa cha boliti kikadondoka kwenye sinia la chuma, kikazunguka, kikatulia. Jeki akabaki anakitazama. Alipata kusikia injini zikikohoa na matairi yakipasuka, lakini hakuna mlio uliowahi kumwingia mwilini kama ule mdogo.

Akasikia hatua za shangazi zinarudi. Bila hata kufikiri, akapaka kichwa kile grisi, akakibandika mahali pake, akaweka doa.

Shangazi alitupa jicho, akaona madoa manane, akaendelea kufunga vilivyobaki. Kisha akawasha. Injini ikanguruma vizuri kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Jeki zaidi. Alitegemea gari lenyewe litasema.

Saa tano dereva akaingia. "Jeki, mbona umeshuka hivyo leo, kama jeki iliyofunguliwa mafuta?"

Jeki akaendelea kufagia.

"Gari tayari?" dereva akamuuliza shangazi. "Saa nane nampeleka mama mjamzito hospitali kubwa. Mtoto kakaa vibaya tumboni. Ni mwendo wa saa mbili, tena wote milima."

Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono kutoa ufunguo.

"Shangazi," Jeki akasema, "doa la nane ni la uongo."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyesikia lugha ngeni. Akainama, akaligusa doa. Kichwa cha boliti kikamfuata kidoleni. Dereva akakaa juu ya tairi.

"Na hizi saba?" shangazi akauliza polepole.

"Niliziongezea. Baada ya tik."

"Uliziongezea nini?"

"Nyongeza. Ziwe imara."

Dereva alitaka kucheka, akauona uso wa shangazi, akaghairi.

Shangazi akazifungua zote. Mbili akazishika kwenye mwanga. Zilikuwa nyembamba katikati, zimevutika kama ubani uliotafunwa. "Ona kiuno chake. Hizi zingekatika mlimani. Hewa ingepenya pasipotakiwa, injini ingeishiwa nguvu, na mama wa watu amelala ndani."

Jeki alidhani ameharibu moja tu.

Shangazi akampa boliti moja nzima iwe mfano, na Jeki akakimbilia duka la vipuri, akarudi na nane mpya. Shangazi alikuwa ameshavua menifoldi na kukizungusha kwa koleo kile kipande kilichobaki ndani, hadi kikatoka.

"Sikia, mwanangu," akasema. "Maharage yakizidi, mteja anafurahi. Boliti ina kiasi chake, ukipita unaiua. Hilo ni kosa la mkono, hata mimi nimekata nyingi. Lakini doa lile uliliweka ukijua. Mimi naliamini doa, dereva ananiamini mimi, yule mama anamwamini dereva. Ungenyamaza, ungetudanganya wote watatu kwa punje moja ya rangi. Umesema mapema, ndiyo maana muda upo."

Akafunga saba mwenyewe. Ya nane akampa Jeki spana.

Tik. Jeki akautoa mkono kana kwamba chuma kimemuunguza. Akaweka doa.

Shangazi akalitazama lile doa, akafuta mikono, akashusha boneti bila kuligusa.