Mfundishe Koko

Miaka ile, Rubondo, sehemu yetu ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, iliamka kabla ya jogoo, kwa sababu ya maji. Sisi wanawake tulipanga bidoni zetu, yaani madumu ya njano ya maji, kwenye foleni ya bomba la mpini, kisha tukazikalia kama kuku wanaotaga. Hapo ndipo habari zote za Nakivale zilipopikwa. Nani amejifungua, nani ameitwa kwenda Amerika, mke wa nani ameunguza maharage tena. Wenye pesa walikuwa na redio. Sisi tulikuwa na bomba.

Nilikimbia vita kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, mwaka 1998, pamoja na mwanangu Bonaventure, mke wake, na mtoto wao wa miaka minne, Nabintu. Nilimbeba mgongoni njia nzima, na njia nzima hakulia. Majirani waliniita Mama Bonaventure. Nabintu aliniita Koko, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Shule yangu iliishia darasa la tano. Nilitoka nikijua kusoma, kuandika, na kumwigiza mwalimu akikohoa.

Nabintu alikua mtoto wa adabu. Adabu ya kwetu iko hivi: mkubwa akisema, mtoto anainamisha macho na kuitikia kwa kichwa. Haulizi kitu. Watu walimsifu sana kanisani. Walisema, "Mtoto wa Bonaventure, ukimwambia jambo mara moja, limeingia."

Mwaka 2011 alimaliza sekondari, akapata ufadhili wa kusomea uuguzi mjini Mbarara. Ufadhili ni pale watu wengine wanapokulipia karo, kwa sababu umefaulu na kwenu hakuna kitu. Sisi Wakongomani tunasema bursi. Siku ya kuondoka, kanisa liliimba mpaka ngozi ya ngoma ikapasuka. Mchungaji aliomba sana. Dereva wa bodaboda aliyetoka mji mdogo wa Kabingo kumchukua alizima pikipiki yake, akalala juu yake.

Bodaboda ilipopotea kwenye vumbi, Bonaventure alipumua. "Bursi imepatikana," alisema. "Kazi imekwisha."

Sote tuliamini hivyo.

Likizo ya kwanza, Nabintu alirudi amekonda. Tulipika maharage na bugali, nikamkalisha karibu nami.

"Masomo ni mazuri?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Chakula kinatosha?"

Akaitikia.

"Nasikia umeolewa na askari kipofu, mwenye meno mawili?"

Akaitikia.

Nikaweka kijiko chini. Nikajua mtoto huyu hayuko hapa.

Jumamosi iliyofuata, bodaboda ilisimama kwenye uwanja wetu. Alishuka msichana mrefu, viatu vimejaa vumbi la barabara, mkononi ana mkate. Alinisalimia kwa mikono miwili. Nikampenda papo hapo, hasa kwa ajili ya mkate.

"Mimi naitwa Umwiza," alisema. "Nilikulia hapa hapa Nakivale, fasi ya wachunga ng'ombe. Sasa ni muuguzi Mbarara. Nilisoma kwa bursi ile ile ya Nabintu."

"Umekuja kumdai nini?" Bonaventure aliuliza.

"Hapana, Baba. Sisi tuliomaliza kusoma tumejiunga. Kila mmoja anamfuata mwanafunzi mmoja ao wawili. Tunawasaidia masomo, tunasikiliza shida zao. Ila kwanza tunakuja kwa wazazi, ili mujue sisi ni nani na mtoto wenu anakaa na nani."

"Na banakulipa ngapi?" niliuliza mimi.

"Hawanilipi, Koko. Najitolea."

"Hata nauli?"

"Nauli ni yangu."

"Pole sana, mwanangu. Kichwa kilianza kukuuma lini?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Bonaventure hakucheka. Alisema, "Mimi sielewi. Bursi si inalipa kila kitu?"

"Inalipa karo na bweni, Baba. Haiingii darasani kukaa naye." Kisha Umwiza akamgeukia Nabintu, akasema polepole, "Iko jambo. Lako, si langu. Utasema wewe, ao tunakunywa chai tu niende zangu?"

Nabintu alitazama chini. Alizungusha kikombe chake. Akasema, "Nilianguka mitihani. Nikianguka tena muhula huu, bursi inakwisha."

Bonaventure alisimama. "Kanisa lote lilikuombea! Sasa tutajificha fasi gani? Basi, baki hapa. Shika jembe. Jembe halina mtihani."

Nabintu akaitikia kwa kichwa.

Nawaambia ukweli, kile kichwa kilitaka kunitoa machozi. Mtoto anaambiwa aache maisha yake, na yeye anaitikia.

"Baba, mimi pia nilianguka," alisema Umwiza. "Mwaka wangu wa kwanza. Hakuna mtu aliyeniuliza. Nilikuwa nalia kwenye choo cha bweni."

"Kwa nini chooni?" niliuliza.

"Ndiyo mlango uliokuwa na komeo, Koko."

Bonaventure akakaa.

Umwiza alimwambia Nabintu alete kitabu chake. Alimwonyesha ukurasa. "Soma hapa." Nabintu alisoma Kiingereza kile vizuri, kama mtu anayeimba kwaya. Kilihusu presha, yaani msukumo wa damu mwilini.

"Umeelewa?"

Kichwa kikaenda chini, kikaja juu.

Umwiza akatabasamu. "Dada, hicho kichwa nakijua. Kilikuwa changu. Mwalimu akikuona unaitikia, anadhani umeelewa, anaendelea mbele. Wewe unabaki nyuma na adabu yako. Sasa funga kitabu. Mfundishe Koko."

"Koko?" Nabintu alishangaa.

"Kwa Kiswahili. Ama kwa lugha yenu. Koko asipoelewa, hujaelewa."

Nilivuta bidoni yangu, nikaikalia, nikakunja mikono kama mkaguzi wa shule. Toka niache darasa la tano nilikuwa nangojea siku ya kuwa mkaguzi.

Nabintu alianza. "Koko, presha ni... ni nguvu ya damu."

"Nguvu ya kufanya nini? Kulima?"

"Ya kusukuma. Moyo unasukuma damu kwenye mishipa."

"Mimi sijauona huo moyo. Unasukuma namna gani?"

 Akaangalia kitabu. Umwiza akakifunika kwa kiganja. Nabintu akatazama huku na huku, mpaka macho yake yakafika kwenye bidoni niliyoikalia.

"Kama bomba!" alisema. "Ukikandamiza mpini, maji yanatoka kwa nguvu. Moyo ndio mkono wako, Koko. Mishipa ndiyo mabomba ya chini."

"Ehe! Na bomba likiwa jembamba?"

"Mkono unafanya kazi mingi. Unachoka. Ndiyo presha kupanda. Moyo unachoka, na bomba linaweza kupasuka."

Hilo niliona. Niliona kabisa! Na kwa kuwa niliona, nikapata kiburi cha kuuliza zaidi.

"Kule zahanati wananiambia namba mbili. Hii juu ya hii. Kwa nini mbili? Mkono si mmoja?"

 Nabintu alinitazama mimi, akamtazama Umwiza. Kichwa kilianza kuinama, halafu kikasimama katikati ya njia.

"Sijui," alisema.

Umwiza alipiga makofi kama mtu wa harusi. "Neno hilo ndilo nililolifuata kutoka Mbarara!"

"Kwa hiyo jibu ni nini?" niliuliza. Nilitaka namba zangu.

"Sisemi, Koko. Atamuuliza mwalimu wake, darasani, mbele ya watu."

Nabintu alishtuka. "Watacheka! Bananiita mukimbizi."

"Wacheke. Siku hiyo nitakungojea mlangoni nikitoka zamu. Ukitoka unalia, utalia kwangu. Mambo ya chooni, basi."

Kisha Umwiza akazungumza na Bonaventure, mtu mzima kwa mtu mzima. Alieleza kwamba wanafunzi wanakutana chumbani kwake Jumapili mchana, baada ya ibada, mlango wazi. Alimpa namba ya simu yake. Aliomba Nabintu apewe asubuhi za likizo asome, na shamba lingoje mchana. Alisema mwanafunzi akianguka asifichwe wala asitukanwe, aulizwe anachokosa. Bonaventure alikuna kidevu.

"Muhula mmoja," alisema. "Mmoja tu. Akianguka tena, jembe."

Nabintu alirudi shule. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Siku tatu alikaa na swali langu mdomoni kama pipi. Ya nne, mwalimu alirudia somo la presha, akauliza, "Mumeelewa?" Vichwa vyote vikaitikia. Nabintu akanyoosha mkono.

"Tafadhali, mwalimu. Kwa nini namba ni mbili?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Mwalimu, mtu wa Mbarara hapo hapo, akaweka chaki chini.

"Hiyo swali ni muzuri," alisema. "Wewe kaa. Mimi naeleza."

Na alipoanza kueleza, Nabintu aliona wenzake wote wanashika kalamu haraka haraka. Pamoja na yule aliyecheka.

Umwiza alikuwa mlangoni, kama alivyosema. Nabintu alitoka bila machozi. Walikwenda kunywa soda.

Jibu aliniletea mwenyewe siku ya mapumziko. Namba ya juu ni pale moyo unapokandamiza mpini. Namba ya chini ni pale mkono unapopumzika, lakini maji bado yamejaa bombani. Nililitangaza kwenye foleni kesho yake. Wanawake wakaniita daktari. Sikuwakatalia.

Umwiza hakuwa peke yake. Kijana mmoja, Gad, aliyesoma kwa bursi ile ile, aliuza dawa kwenye duka moja mjini. Jumapili alikuja kwa Umwiza kuwafundisha hesabu za dawa kwa vifuniko vya soda. Mwanafunzi akikosea, Gad alimwambia, "Umemuua mgonjwa. Mzike, tuanze tena." Nao walianza tena.

Likizo, kazi ya kuwa mgonjwa ilikuwa yangu. Nilijilaza kwenye mkeka, Nabintu akija kunihoji, nami nilikuwa mgonjwa mbaya kuliko wote Uganda. Nilimeza dawa za uongo zote pamoja. Nilikataa kunyoosha mkono. Nikiulizwa wapi panauma, nilisema kwa jirani. Umwiza alipotutembelea alikaa kwenye kiti cha kamba, hapo karibu na jiko, akicheka na kusahihisha. "Usimkasirikie, Nabintu. Mwulize upya kwa maneno mengine."

Siku moja Umwiza alileta mashine ya kweli ya kupimia. Nabintu alinifunga mkono, akasikiliza, akapima tena. Hakucheka.

"Koko, iko juu. Si mchezo. Kesho tunakwenda zahanati."

Nilikwenda. Nikapewa dawa, nikapunguziwa chumvi. Ndivyo nilivyoingia mwenyewe kwenye ule mtego wangu wa kuuliza maswali.

Matokeo ya ule muhula mmoja yalitoka siku ya jua kali, Nabintu akiwa amekwisha rudi Mbarara. Tulikuwa kwenye foleni, tukamwona Bonaventure anakuja amebeba bidoni. Wanawake wote wakageuka. Mwanaume, bombani, na bidoni! Alisimama nyuma ya mstari, akatazama mbingu, akakohoa. Alikuwa anangojea mtu amuulize habari.

Mimi nilijua. Simu ilikuwa imelia nikiwa bado nafunga kitenge. Basi nikamwacha angoje. Foleni ikasogea, akasogea. Mwishowe alishindwa.

"Amefaulu!" alipiga kelele. "Nabintu amefaulu yote!"

"Nani huyo?" niliuliza.

Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele, na bidoni ya Bonaventure ikajazwa ya kwanza, ikampita kila aliyepanga tangu alfajiri. Hakuna aliyenung'unika.

Sasa ni mwaka 2015. Nabintu ni muuguzi Mbarara. Umwiza alipelekwa kuishi nchi ya mbali, ya baridi, pamoja na wazazi wake. Huwa ananipigia simu. "Koko, presha?" anauliza. Namwambia namba zote mbili, na mmoja wetu anacheka. Kile kiti cha kamba bado kipo karibu na jiko. Kamba zimelegea, lakini sijamruhusu mtu kuzikaza. Zimelegea kwa ajili yake.

Jumamosi iliyopita bodaboda ilisimama uwanjani. Alishuka Nabintu, viatu vimejaa vumbi, mkononi ana mkate. Nyuma yake alikuwa msichana mwembamba, Kantengwa, aliyepata bursi mwaka huu. Walikuwa wametoka kuwasalimia wazazi wa msichana huyo. Macho yake yalikuwa chini.

"Koko, nimekuletea mwalimu," alisema Nabintu. "Atakufundisha figo."

Nikavuta bidoni yangu.

Kantengwa alifundisha. Sauti yake ilikuwa ndogo, na maneno yake makubwa. Alitaja kuchuja, akataja chumvi, akataja mirija ambayo sikujua imeanzia wapi. Sikuelewa hata nusu. Alipomaliza aliniuliza kwa heshima, "Koko, umeelewa?"

Nikainamisha macho. Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtoto wa adabu kanisani.

Nabintu aligeuka upande, akaziba mdomo. Kantengwa alinitazama. Akaendelea kunitazama. Kisha kile kichwa chake kikainuka, akanikazia macho kwa mara ya kwanza toka afike.

"Hapana, Koko," alisema. "Unanidanganya. Hicho kichwa nakijua."

Akavuta kiti cha kamba, akakaa mbele yangu.

"Tuanze tena."